WASOMAJI WANAULIZA: Vimelea vya malaria vilivyoondolewa jeni, na chanjo inayotafutwa ndani ya ini

Toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache jaribio la Leiden, Uholanzi. Watu waliumwa na mbu waliobeba vimelea hai vya malaria vilivyorekebishwa jeni, na wengi wao hawakuugua walipoambukizwa baadaye malaria ya kawaida. Barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua hizi, na zilizofanana tumeziunganisha.

Ndugu wahariri, salaam. Chanjo tunazozijua huku kliniki ni za kuzuia ugonjwa. Hii ya kumpa mtu mdudu mwenyewe akiwa hai si kumpa malaria? — Mama wa watoto watatu, Ifakara

Mama, hofu yako ina msingi, na jibu lake limo katika safari ya kimelea mwilini. Mbu jike wa Anofelesi anapouma hutema, pamoja na mate yake, vimelea vichache vyembamba kama uzi viitwavyo sporozoiti. Havikawii kwenye damu. Husafiri nayo hadi kwenye ini, vikajichimbia ndani ya seli zake na kukaa humo siku sita hadi saba. Muda huo wote mtu hana homa wala kichwa hakimuumi. Ndani ya seli moja ya ini, sporozoiti moja huzaa makumi ya maelfu ya merozoiti, na hizo ndizo humwagika kwenye damu na kupasua chembe nyekundu kila baada ya saa 48 hivi. Homa, upungufu wa damu, degedege: yote hayo huanza pale kimelea kinapoingia kwenye damu.

Kwa hiyo kimelea kikifia kwenye ini, ugonjwa haupo. Ila seli ya ini iliyokibeba huwa imekwisha kuonyesha vipande vyake kwa askari wa mwili, na askari hao hukumbuka. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake huko New York walionyesha kwamba panya waliopewa sporozoiti zilizopigwa mionzi walipata kinga. Miaka ya 1970 jambo hilo likathibitishwa kwa binadamu, lakini kwa gharama kubwa: ili mtu apate kinga ya kuaminika alihitaji kuumwa na mbu zaidi ya 1,000 waliopigwa mionzi. Hakuna kliniki inayoweza kufanya hivyo.

Kama mionzi ilifanya kazi, kwa nini wakahangaika na jeni? — Mwalimu wa biolojia, Muheza

Mwalimu, mionzi huvunja ovyo. Kila sporozoiti huvunjika mahali pake, na huwezi kusema ipi imevunjika wapi. Mionzi ikipungua, baadhi ya vimelea hupona na kumletea mtu malaria. Ikizidi, vinakufa kabla ya kuingia kwenye seli ya ini, na hapo havimfundishi mtu chochote. Hata kipimo kikiwa sawasawa, vingi husimama mapema sana kwenye ini.

Kuondoa jeni ni kazi nyingine kabisa. Unachagua jeni ambayo kimelea hakiihitaji kwenye damu wala ndani ya mbu, ila kinaihitaji kwenye ini. Ukiiondoa, kimelea unaweza kukiotesha maabara, kinapita salama kwa mbu, halafu kinakwama ndani ya seli ya ini, na vyote hukwama hatua ileile. Mwaka 2005 jambo hilo lilifanikiwa kwa panya, kwa kuondoa jeni iitwayo UIS3 kwenye kimelea chao, Plasmodium berghei.

Kwa binadamu mambo yalikuwa magumu zaidi. Nchini Marekani waliondoa jeni mbili, p52 na p36, kwenye Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali ya binadamu, wakawapa wajitoleaji sita kwa njia ya mbu. Mmoja alionekana na vimelea kwenye damu siku ya 12. Alitibiwa akapona, lakini funzo lilikuwa zito: jeni mbili zinazofanya kazi za jirani hazitoshi, maana kimelea kimoja kati ya maelfu kikipata upenyo, kazi yote imeharibika. Wakaongeza jeni ya tatu, sap1. Toleo hilo halikufika kwenye damu ya mtu yeyote. Baadaye lilipopimwa, nusu ya watu 14 walikingwa mwezi mmoja baada ya chanjo ya mwisho, na kila mmoja alikuwa ameumwa na mbu wapatao 200 katika kila awamu.

Uholanzi nako walitengeneza toleo waliloliita GA1, lisilo na jeni za b9 na slarp. Lilikuwa salama kabisa. Kinga yake ilikuwa haba: lilipotolewa kwa sindano kwa watu 25, walikingwa 3 tu.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima, na tungependa msomaji apashike. GA1 hufa ndani ya saa 24 hivi tangu kuingia kwenye ini. Kimelea kinachokufa siku ya kwanza kimetengeneza protini chache, kwa hiyo mwili umeona kidogo. Kimelea kinachofika siku ya sita kimejaa seli nzima, kimetengeneza karibu kila kitu ambacho kimelea cha ini hutengeneza, pamoja na baadhi ya vitu vitakavyotumika kwenye damu. Watafiti wa Leiden na Nijmegen wakaondoa jeni nyingine, mei2, na kupata GA2. Hiki hukua takriban siku sita, kinagawa vinasaba vyake, kisha kinashindwa kutengeneza merozoiti zinazoweza kutoka.

Matokeo yalichapishwa Novemba 2024. Wajitoleaji waliumwa na mbu 50 kila awamu, awamu tatu, siku 28 kati ya moja na nyingine. Wiki tatu baadaye wakaumwa na mbu watano wenye malaria kamili. Waliopata GA2 walikingwa 8 kati ya 9. Waliopata GA1, kwa idadi ileile ya mbu, alikingwa 1 kati ya 8. Waliopata mbu watupu waliambukizwa wote watatu. Mwanzoni mwa 2025 wakaonyesha kwamba hata awamu moja tu ya mbu 50 wa GA2 iliwakinga 9 kati ya 10, walipojaribiwa wiki sita baadaye. Watu ni wachache, tunakubali. Lakini tofauti ya 8 kwa 1, kwa mbu sawa na njia sawa, haiwezi kupuuzwa, na chanzo chake ni siku tano tu za ziada ndani ya ini.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Naomba hatua zenyewe: jeni inaondolewaje, na kazi hukwama wapi? — Mwanza

Tutajibu kwa kirefu, maana ni kazi ya mikono.

Kimelea kinachotumika sana ni aina ya NF54, au 3D7 iliyotokana nayo. NF54 ilitoka kwa mgonjwa wa Uholanzi na vinasaba vyake vinafanana na vya Afrika Magharibi. Huoteshwa kwenye chembe nyekundu za binadamu, katika maji ya RPMI 1640 yenye seramu au Albumax, kwenye joto la 37°C na hewa yenye oksijeni kidogo, asilimia 5 au chini. Njia hii tunaishukuru kazi ya Trager na Jensen ya 1976.

Mkasi wa kukatia jeni ni CRISPR-Cas9. Falciparum ina tabia moja ya kuzingatia: vinasaba vyake vikikatwa, haina njia ya kawaida ya kubandika ncha mbili tupu. Lazima uipe kiolezo cha kurekebishia, yaani kipande chenye mfuatano wa kushoto na wa kulia wa jeni, kila upande herufi 500 hadi 1,000, katikati hamna jeni. Kimelea kinajiunga kwa kunakili kiolezo hicho, na jeni inabaki nje. Tatizo la kwanza liko hapa hapa. Asilimia 80 hivi ya vinasaba vya falciparum ni herufi A na T, na bakteria wa kuzalishia plasmidi (duara dogo la vinasaba linalobeba kiolezo na jeni ya kuhimili dawa) huzichukia: huzikatakata na kuzipanga upya. Otesha bakteria kwenye 30°C badala ya 37°C, na usome mfuatano wa plasmidi kabla ya kuitumia. Wengi hupoteza miezi miwili kwa kuruka kipimo hicho kimoja.

Kuingiza plasmidi: chukua vimelea vichanga, hatua ya pete, vikiwa asilimia 5 au zaidi ya chembe. Ili viwe rika moja, vioshe kwanza kwa sorbitoli ya asilimia 5, ambayo hupasua chembe zenye vimelea vilivyokomaa. Changanya na plasmidi mikrogramu 50 hadi 100, kwenye kikombe chenye mwanya wa milimita 2, upige umeme wa volti 310 na mikrofaradi 950. Chembe nyingi zitapasuka na maji yatageuka mekundu; ni kawaida. Vimelea vinavyopokea plasmidi ni vichache mno. Siku inayofuata weka dawa ya kuchuja, mara nyingi WR99210 kwa nanomola 2.5, ubadilishe maji kila siku mwanzoni, na uongeze damu mpya kila wiki. Kwenye slaidi hutaona kitu kwa wiki tatu au nne. Usitupe chupa mapema.

Vikirudi, usishangilie. Plasmidi inaweza kubaki ikielea bila kuingia kwenye kromosomu, na kipimo cha PCR (cha kunakili kipande cha vinasaba ili kionekane) kilichopangwa vibaya kitakuambia umefaulu. Weka praima moja (kipande kifupi kinachoanzisha unakili) nje kabisa ya eneo la kiolezo, ili jibu lipatikane tu pale muungano ulipotokea kweli. Pima pia kama jeni ya asili bado ipo, kwani mchanganyiko wa vimelea vilivyokatwa na visivyokatwa ndio hatari kuu kwenye chanjo. Halafu tenga kimoja kimoja kwenye sahani ya visima 96, kwa wastani wa kimelea 0.3 kwa kisima, usubiri tena wiki tatu.

Alama ya kustahimili dawa nayo lazima itolewe. Jeni inayotumika kuhimili WR99210 humfanya kimelea ahimili pia pirimethamini, ambayo ni nusu ya SP wanayopewa wajawazito kliniki. Hakuna anayeruhusiwa kumpa binadamu chanjo hai yenye usugu wa namna hiyo.

Hatua inayovunja moyo huja mwishoni. Vimelea vilivyooteshwa muda mrefu husahau kutengeneza gametosaiti, yaani dume na jike ambazo mbu anazihitaji. Kloni safi isiyozaa gametosaiti haina faida, unarudi kwenye akiba iliyogandishwa. Ndiyo maana inafaa kugandisha mirija mingi mapema na kuhesabu wiki ambazo kila chupa imeoteshwa.

Mbu wanapatikanaje, na kwa nini watu wanaumwa badala ya kuchomwa sindano? — Mwanafunzi wa uuguzi, Mombasa

Gametosaiti huoteshwa siku 14 hadi 17, maji yakibadilishwa kila siku bila kuongeza damu mpya. Kabla ya kulisha mbu, tone moja huwekwa kwenye slaidi kwa joto la chumba. Zikiwa nzuri, baada ya dakika 15 hadi 20 utaona kwenye hadubini dume linapasuka na kutoa mikia inayochapa chembe za jirani kama mjeledi. Hakuna mchapo, hakuna kulisha.

Joto linaharibu kazi hapa kuliko kitu kingine. Damu ikipoa kabla ya kuingia tumboni mwa mbu, madume hupasukia ndani ya kifaa na kwisha. Kwa hiyo seramu, chembe, pipeti na kikombe chenye utando vyote hupashwa hadi 37°C. Mbu, kwa kawaida Anopheles stephensi wa siku tatu hadi tano, hunyimwa maji ya sukari saa chache, kisha hunywa kupitia utando. Wasioshiba huondolewa. Waliobaki hukaa kwenye 26 hadi 27°C na unyevu wa kutosha. Siku ya saba au ya nane tumbo la wachache hukaguliwa kwa rangi, kuhesabu vifuko ambamo sporozoiti hukua. Kuanzia siku ya 14 sporozoiti zimefika kwenye tezi za mate.

Ukitaka kuziona, mlaze mbu aliyekufa ganzi kwenye tone la maji, mkanyage kifua kwa sindano moja, na kwa nyingine vuta kichwa polepole. Tezi mbili hutoka zikifuata shingo, kila moja yenye ndimi tatu, zinang'aa kama kioo. Ukivuta kwa pupa zinakatika na kubaki ndani.

Sasa swali la sindano. Kuumwa na mbu ni njia ya haraka ya kujaribu: mbu huwekwa kwenye kikombe chenye wavu, kikombe huwekwa juu ya mkono, kisha kila mbu hukaguliwa kama alikunywa damu na kama kweli alikuwa na sporozoiti. Sindano inahitaji zaidi. Mbu lazima walelewe bila bakteria tangu yai, tezi zitolewe moja moja kwa mkono, sporozoiti zisafishwe na kugandishwa kwenye mvuke wa naitrojeni ya maji. Kampuni ya Sanaria ya Maryland, Marekani, ndiyo iliyofika mbali kwenye ufundi huo. Na sindano yenyewe huingia kwenye mshipa wa damu, kwa sababu ile ya ngozini ilitoa kinga hafifu sana.

Je, kimelea hiki kinaweza kuhamia kwa jirani kupitia mbu, au kujirekebisha? — Msomaji, Zanzibar

Mbu huchukua gametosaiti tu, nazo hutengenezwa kwenye damu na huhitaji zaidi ya wiki kukomaa. Kimelea kisichotoka kwenye ini hakina cha kumpa mbu. Na jeni iliyotolewa yote haiwezi kurudi kwa mabadiliko madogo ya herufi. Hatari ya kweli ni ile tuliyoitaja: kimelea kudunda bila hiyo jeni kikafika kwenye damu. Ndiyo sababu watengenezaji wengine sasa wanaondoa jeni mbili za hatua ya mwisho ya ini kwa pamoja, mei2 na linup, ili moja iwe kufuli ya nyingine.

Je, hii ndiyo ile habari ya mbu waliobadilishwa jeni? — Wasomaji kadhaa

Hapana. Kule anayebadilishwa ni mbu, ili asizae au asibebe vimelea, na lengo ni kumwachia nje. Huku mbu ni wa kawaida, hatoki maabara, na aliyebadilishwa ni kimelea.

Itawafaa watoto wetu lini? Na hizi chanjo za sasa tuziache? — Baba, Siaya

Baba, chanjo za sasa msiziache hata kidogo. RTS,S, iliyoanza kwa majaribio ya utekelezaji Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019, na R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, zinapunguza malaria kwa watoto, na dozi zote nne zina maana. Zote mbili zinategemea protini moja tu ya sporozoiti. Kimelea kizima kina jeni zaidi ya 5,000, na hilo ndilo linalowavuta watafiti.

Kuhusu lini, tunakusihi usiamini anayekutajia mwaka. Wajitoleaji wa Leiden hawakuwahi kuishi na malaria, na hiyo ni tofauti kubwa. Chanjo ya sporozoiti zilizopigwa mionzi, dozi tano za 135,000, iliwakinga watu wote 6 huko Marekani. Ilipojaribiwa Bagamoyo kwa Watanzania watu wazima, alikingwa 1 kati ya 18, na dozi ilipoongezwa mara mbili wakakingwa 4 kati ya 20. Huko kwenu Siaya, watoto wachanga 336 wa miezi 5 hadi 12 walishiriki jaribio la chanjo hiyohiyo. Ilikuwa salama, lakini baada ya miezi sita haikuonyesha kinga ya kutosha, na seli T zao, askari wa mwili wanaoshambulia seli zilizoambukizwa, hazikuitika. Mwili uliozoea malaria, na mwili mchanga sana, haujifunzi kama wa Mzungu wa Leiden. GA2 na ndugu zake lazima zipimwe huku kwetu, kwa watu wetu, kabla ya mtu kuzisifu. Na hata zikishinda, mtungi wa naitrojeni lazima ufike zahanati na muuguzi apate mshipa wa mtoto wa miezi sita. Hayo si madogo.

Nikialikwa kwenye utafiti wa kuambukizwa malaria kwa makusudi, niulize nini kabla ya kusaini? — Mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam

Utafiti wa namna hii umefanyika Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, na Kilifi chini ya KEMRI-Wellcome, kwa hiyo swali lako si la kufikirika. Anza na vibali: kwa Tanzania, cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Uliza ni kimelea aina gani na kama dawa za kawaida zinakiua. Uliza utapimwa mara ngapi: baada ya kuambukizwa inapaswa kuwa kila siku kuanzia siku ya 6 au ya 7, kwa PCR, kipimo kinachoona vimelea siku kadhaa kabla ya hadubini. Uliza ni kiwango gani kitaanzisha matibabu, nani atalipa ukiugua jambo lingine, na utalala wapi siku hizo.

Mjamzito haruhusiwi. Ukiwa na shida ya moyo, seli mundu au ugonjwa wowote wa kudumu, sema hata kama hujaulizwa. Hakikisha wana namba mbili za kukupata, na usisafiri kwenda kijijini kabla hujathibitishwa kuwa huna vimelea. Ukipewa ALu, dawa ya malaria, ni dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Imeze na chakula chenye mafuta au maziwa, vinginevyo dawa haiingii vizuri mwilini. Ukitapika ndani ya saa moja, wapigie simu wakupe nyingine, hata kama ni usiku wa manane.